Mizani ya Muuguzi

Mkulima wa korosho wa Masasi au Newala huijua mizani: jiwe likilemea, huwekwa jepesi, korosho zikilemea, huwekwa zito, hadi uzito ujulikane. Ndivyo mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani unavyoendeshwa kwa kompyuta tangu 1994. Mtahiniwa akipata, swali lifuatalo huwa gumu zaidi. Akikosa, jepesi zaidi. Hivyo wengi hupata takriban nusu tu. Kinachopimwa ni ugumu wanaoumudu. Kompyuta husita ikiwa na hakika ya asilimia 95 kwamba mtahiniwa yuko juu au chini ya kiwango. Basi walimu wasiwazoeze vijana kuabudu idadi ya vyema. Mgonjwa hamhitaji muuguzi aliyejibu mepesi mengi, bali anayeyamudu mazito.