Mpelelezi Mpya, Bwana Yule Yule

Kila baada ya miaka kadhaa ulimwengu wa sinema hushikwa na homa moja: ni nani atakayevaa suti ya James Bond? Homa hiyo ilirudi mwaka 2021, Daniel Craig alipoaga katika filamu ya ishirini na tano ya mfululizo huo. Ikazidi mwaka 2025, kampuni ya Amazon ilipopata madaraka ya kuamua mambo ya filamu hizo.

Sisi hatuna ugomvi na kijana wa Mtwara anayejiburudisha kwa sinema baada ya kazi za bandarini au za shamba la korosho. Burudani ni haki ya mfanyakazi. Lakini twamwomba aulize swali lililo kubwa zaidi: mpelelezi huyo, awe na sura yo yote, humtumikia nani?

Tangu mwaka 1962 wachezaji sita wamepokezana kazi hiyo: Connery, Lazenby, Moore, Dalton, Brosnan na Craig. Sura zimebadilika, bwana ni yule yule, Dola ya Uingereza. Na Afrika imepewa nafasi gani? Katika filamu ya mwaka 2006 tulionyeshwa Mbale ya Uganda kuwa kambi ya waasi na fedha chafu. Hata huko Mbale penyewe hawakufika. Picha zilipigwa katika msitu wa Black Park, Uingereza. Madagaska nayo ilipigwa picha Bahamas. Basi Mwafrika ameachiwa sifa mbaya, na ujira wa kazi umekwenda kwa wengine.

Wapo wasemao dawa yake ni kumpa kazi hiyo mtu mweusi. Kwa miaka mingi lilitajwa jina la Idris Elba, ambaye wazazi wake walitoka Sierra Leone na Ghana. Ni mchezaji hodari, na ubaguzi wa rangi ni uovu popote ulipo. Walakini kubadili mvaaji si kubadili suti, wala si kumbadili bwana aliyeishona.

Ndugu msomaji, hebu tazama kalenda. Filamu ya kwanza ya Bond ilitoka Oktoba 1962. Miezi michache kabla yake, tarehe 25 Juni, FRELIMO iliundwa Dar es Salaam. Mwaka 1969 mfululizo ule ulibadili mchezaji wake kwa mara ya kwanza, na watu wakabishana sana. Mwaka huo huo, tarehe 3 Februari, Dar es Salaam ilipata msiba wa kweli: Eduardo Mondlane alifungua kifurushi cha kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Hapo hapakuwa na mpiga picha wa kusema "rudia".

Baada yake uongozi uligombaniwa, hata mwaka 1970 Samora Machel akaushika. Vita havikusimama, kwa sababu havikutegemea sura ya mtu mmoja. Viliwategemea wengi wasiojulikana majina: waliovuka Ruvuma usiku kwa mitumbwi, waliobeba mizigo vichwani, waliowaficha wageni na kunyamaza. Majeruhi walitibiwa hapa hapa Mtwara, katika hospitali ya FRELIMO iliyopewa jina la daktari wa Angola, Américo Boavida. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Hiyo ndiyo kazi ya siri tuijuayo sisi watu wa Ruvuma. Mbona haina filamu yake?

Wala hatusemi kwamba hatuna waandishi. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa riwaya ya *Kufa na Kupona*, na mpelelezi wake, Willy Gamba, alitumwa kufuata nyaraka za siri za wapigania uhuru. Kiswahili kilikuwa na shujaa wake, mwenye kuitumikia Afrika. Wasomaji walimpenda bila kuamriwa na mtu. Kilichopungua ni fedha na nia ya kumfikisha kwenye sinema kwa heshima impasayo.

Kwa hiyo hatuna budi kusema wazi tunalotaka. Wenye dhamana ya utamaduni na wachumi wetu na waweke fedha katika filamu za historia hii, zipigwe picha Msimbati, Mikindani na kandokando ya Ruvuma penyewe, si katika msitu wa ng'ambo. Vijana wa huku na wapewe kazi, mbele na nyuma ya kamera. Na kabla ya yote, wazee waliovusha watu na mizigo wahojiwe sasa, kwa maana kila mwaka twawazika baadhi yao, na kila azikwaye huondoka na sura moja ya kitabu hicho.

London na watafute mtu wao. Ni haki yao. Sisi mtu wetu tunaye. Yuko Mtwara, amezeeka, na hajaulizwa neno.