Masanduku ya Blundell, Bati la Guka

Kila nikiona Tusker mezani namfikiria Michael Blundell. Mabeshte zangu wamezoea, huniambia ninywe ninyamaze. Lakini huyo mzee ana kesi, na si ile mnayodhani.

Alizaliwa London 1907, akaja Kenya 1925 kujifunza ukulima. Vita vya Pili vya Dunia vilipolipuka akavaa magwanda, akaongoza askari Waafrika kule Ethiopia na baadaye Asia, akatoka akiwa kanali. 1946 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kamishna wa makazi ya Wazungu. Soma hapo tena. Vita vimeisha jana, na tayari kuna ofisi nzima ya kuhakikisha mwanajeshi mweupe amepata shamba. Askari mweusi aliyebeba mizigo ya vita hivyohivyo alirudi nyumbani akakuta ardhi ya babu zake bado inaitwa White Highlands.

Hali ya Hatari ilipofika, Blundell aliingia kwenye Baraza la Vita la 1954, meza ya watu wachache waliokaa na Gavana Baring na Jenerali Erskine. Mwaka huohuo Operesheni Anvil ikafagia Nairobi, maelfu wakapelekwa kizuizini. Kisha akawa waziri wa kilimo. Kisha, Lancaster House 1960, akakubali kwamba Waafrika lazima watawale, na aliporudi uwanja wa ndege mlowezi mmoja akamtupia miguuni vipande 30 vya fedha, kama Yuda. 1964 akakalia kiti cha mwenyekiti wa East African Breweries. Hakukiacha hadi 1977. Bendera ilishuka, yeye akahamia ofisi nyingine.

Sasa, makaratasi yake. Yako Oxford. Yaliwekwa Rhodes House, jumba lenye jina la Cecil Rhodes (bila shaka), na siku hizi yako chini ya maktaba ya Bodleian. Yamepangwa na kupewa nambari, yanamsubiri mtafiti. Na watafiti wameenda. Ndiyo maana ukisoma vitabu vya historia yetu, Blundell ni mtu kamili: ana mashaka, anabadilisha msimamo, anagombana na Wazungu wenzake. Kwenye kurasa hizohizo askari wake ni "vikosi". Wafungwa wa Anvil ni idadi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sisemi Blundell alikuwa shetani. Nasema tumemruhusu kuwa binadamu mwenye utata kwa sababu mtu alitunza barua zake, na tukawanyima wengine utata huo kwa sababu hakuna aliyetunza zao. Au walizichukua. 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni yake kule Hanslope Park, ya Kenya yakiwemo, na ilibidi wazee wa Mau Mau waende mahakamani ndipo yatoke.

Kuna atakayesema niache kulia, niombe viza, niende Oxford nisome. Niende na nini? Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na siku kadi yangu ya mwanafunzi ilipoisha, majarida yote ya historia yakafungwa kama duka la Mhindi saa kumi na mbili. Mimi huandika nikiwa Rongai, kwa simu, na bando ya mia. Sitaki ufadhili wa mtu mmoja mwenye bahati kwenda kuandika tasnifu. Nataka masanduku hayo yapigwe picha, karatasi kwa karatasi, yasomeke bure na yeyote mwenye simu, na nakala zije Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue.

Lakini wacha nisiwabebeshe Waingereza peke yao, maana sisi nasi ni hatari. Guka wa mama yangu alikuwa KAR, akapigana Burma. Alirudi na kitabu cha kuachishwa jeshi na barua ambazo mwenzake alimwandikia miaka mingi. Alivitunza ndani ya bati la majani chai. Alipokufa, watu waligawana ng'ombe, shamba likaletewa wakili, redio ikapiganiwa hadi ikavunjika. Bati hakuna aliyelitaka.

Desemba nilienda shags nikamuuliza shosho kuhusu hilo bati. Akacheka, akanipeleka jikoni. Lilikuwa na chumvi ndani. Barua? Waliwashia moto, mvua ya El Niño ya 1997, kuni zilikuwa mbichi. Kitabu kilibaki ukurasa mmoja, umekunjwa chini ya bati ili lisitoe chumvi kwenye tundu. Una nambari ya jeshi, na jina lake, ambalo karani alilikosea.