Bahari Si ya Wenye Magari

Mombasa ni kisiwa. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Lakini hebu jaribu kukizunguka kwa baiskeli maji yakiwa upande wako mmoja, uone utafika wapi. Huku bandari, kule Ikulu, katikati kuta za watu binafsi zenye vigae vya chupa juu. Tumezungukwa na bahari, na bado tunaiona kwa kuchungulia.

Kipande kizuri kipo, nacho ni cha bure. Anzia Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596. Elekea kusini mpaka Mama Ngina Drive. Hapo upepo unakupiga usoni, mibuyu ya miaka na mikaka imesimama, na meli za kontena zinapita karibu sana zikiingia Kilindini. Endelea mdogo mdogo mpaka kwenye feri ya Likoni. Huhitaji wa kukuongoza wala ratiba ya mtu. Unahitaji breki nzima, chupa ya maji, na pesa kidogo za mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu.

Basi mbona matembezi haya yanazungumzwa kama mali ya watalii? Mama Ngina ilikarabatiwa, na sherehe za Mashujaa za 2019 zikafanyiwa hapo hapo. Kazi nzuri, sikatai. Ila kijana wa Kisauni atafikaje? Avuke daraja la Nyali akisukumana na matatu na malori, roho mkononi? Bustani usiyoweza kuifikia salama ni picha tu.

Kuna wanaosema eti baiskeli kwetu ni ya muuza mikate na mchuuzi wa maji, si ya starehe. Haya, tukubali. Huyo anayekanyaga pedeli wiki nzima akibeba riziki ya watu ndiye wa kwanza kustahili njia yenye upepo wa bahari. Nani kasema maskini hachoki? Nani kasema hapendi kutazama maji?

Wengine watasema pesa hakuna. Hatuombi lami mpya. Tunaomba Jumapili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, magari yasiingie Mama Ngina Drive, na leni moja ya daraja iachiwe baiskeli. Vizuizi kadhaa na askari wachache wa trafiki, basi. Kigali walianza siku zao za bila magari 2016 na mpaka leo wanaendelea. Barabara zinafungwa, watu wanakimbia na kuendesha, na mji haujaanguka.

Na tusiongee kama watu wanaoomba hisani. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ufuo ni wetu tayari. Tunachodai ni njia ya kuufikia bila kugongwa.

Mpaka wakubwa waamke, tusikae tukingoja. Jumapili hii pampu tairi, ita wenzako kumi, mtoke pamoja alfajiri kabla magari hayajajaa. Mtu mmoja kwenye baiskeli hupigiwa honi. Wakiwa mia moja, kila wiki, hata diwani ataanza kuuliza wanataka nini.