Nguo za kike Magara: lebo inadanganya, mzigo unabaki

MAGARA — Mwanamke anayetafuta nguo ya kumkaa sawasawa katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika haanzi kwa kusoma namba iliyoshonwa shingoni. Suruali anaizungusha kiuno chake shingoni mwake mwenyewe aone kama ncha mbili zinakutana, gauni analiweka kifuani juu ya kitenge alichovaa, kisha anauliza bei. Lebo inaweza kusema 10, 38, 44 au XL, na hakuna hata moja inayomwambia kama nguo itambana au itampwaya.

Kwa mnunuzi hiyo ni tahadhari tu. Kwa mchuuzi aliyeleta mzigo huo kutoka Bujumbura au Kigoma ni suala la mtaji, kwani nguo isiyomkaa mtu haiuziki hata iwe nzuri kiasi gani, na wengi hununua mzigo kwa fedha za kukopa.

Magara ipo kando ya barabara ya RN3, kati ya Gitaza na Rumonge. Kaskazini iko Bujumbura, na kusini barabara inapita Rumonge na Nyanza-Lac kuelekea mpaka wa Mugina na Manyovu, hadi Kigoma. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni zaidi ya kilomita 70. Kituo kidogo cha katikati kama hiki kina tatizo ambalo wenye maduka ya mjini hawalioni: mzigo unapokifikia umekwisha kupita mikono mitatu au minne, na kila mkono umechagua. Saizi za kati ndizo zinazoondoka kwanza. Kinachofika mwisho wa njia ni nguo ndogo mno na nguo kubwa mno, na mchuuzi huambiwa kwamba wanawake wa huku hawana fedha. Mara nyingi fedha zipo, kinachokosekana ni nguo yao.

Vurugu za namba hazikuanzia ziwani. Nchini Marekani, mwaka 1939 na 1940, wataalamu wa serikali waliwapima wanawake wapatao 15,000 ili kupata vipimo vya pamoja vya nguo za viwandani. Kanuni rasmi ilitoka mwaka 1958 na ikafutwa mwaka 1983, na tangu hapo kila kampuni inapima inavyotaka. Kampuni zikagundua kwamba mteja hufurahi akiambiwa amevaa namba ndogo, kwa hiyo nguo ikaongezwa upana huku namba ikibaki ile ile au ikishushwa. Ndiyo maana gauni la namba 12 lililoshonwa miaka 30 iliyopita ni dogo kuliko namba 12 ya leo, na katika robota moja la mitumba yote mawili yanaweza kuwemo.

Ongeza hapo tofauti za nchi. Namba 12 ya Uingereza hulinganishwa na 8 ya Marekani, 38 ya Ujerumani, 40 ya Ufaransa na 44 ya Italia. Nguo za China zilizotengenezwa kwa soko la huko huandikwa kwa mfano 160/84A, maana yake mwanamke wa urefu wa sentimita 160 na kifua cha sentimita 84, wa umbo la kawaida. Hii ndiyo lebo yenye maelezo ya kweli kuliko zote, lakini wachuuzi wengi huipuuza kwa sababu inaonekana kama namba ya kiwandani. Ile XL inayokuja nayo, kwa upande wake, mara nyingi haizidi M ya Ulaya.

Hata lebo zingekuwa sahihi, mwili wenyewe haukupimwa hapa. Utafiti wa shahada ya uzamivu uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Pretoria mwaka 2008 kuhusu wanawake wa Kenya ulionyesha kwamba umbo lililojitokeza mara nyingi zaidi lilikuwa la mstatili, siyo lile la kiuno chembamba ambalo washonaji wa Magharibi hulichukua kama mfano. Kenya siyo Rumonge, na hakuna sababu ya kudhani wanawake wa mwambao wana umbo moja. Hoja ni kwamba kiwanda kilipokata kitambaa hakikuwa na picha ya mteja wa Afrika Mashariki.

Sasa hesabu ya mchuuzi. Belo la kilo 45 huuzwa limefungwa. Juu yake pameandikwa aina ya nguo na daraja, lakini saizi hazimo. Tuchukue magauni mepesi ya gramu 300 kila moja: hapo yamo 150. Ikiwa theluthi moja haiwakai wateja wa eneo hilo, magauni 100 yaliyobaki yatabeba gharama ya belo zima, na kila moja lazima liuzwe mara moja na nusu ya bei ambayo ingetosha kama yote yangetoka. Nauli imelipwa kwa kilo 15 ambazo hazina mnunuzi. Ushuru pia umelipwa.

Na ushuru siyo mdogo. Kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nguo zilizovaliwa ni asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kilo, chochote kilicho kikubwa. Kwa belo la kilo 45, kiwango cha uzito ni dola 18. Belo likithaminiwa dola 100, asilimia 35 ni dola 35, kwa hiyo hicho ndicho kinachotozwa. Uzito unatawala tu pale thamani inaposhuka chini ya dola 52 hivi. Nchi wanachama huruhusiwa kutoza tofauti kwa vipindi, hivyo ni busara kuuliza Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR, kabla ya kupakia.

Historia ya karibuni inaonyesha jinsi biashara hii inavyoning'inia kwenye uamuzi wa wakubwa. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya, wakikutana Arusha, walielekeza mitumba iondolewe hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa Marekani wa nguo kuukuu walilalamika, na nchi nyingi zikalegeza kamba. Rwanda ilishikilia: mwaka 2016 ilipandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, yaani zaidi ya dola 112 kwa belo moja, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya AGOA kwa nguo za Rwanda. Burundi ilikuwa imekwisha kuondolewa AGOA tangu Januari 2016, hivyo tishio hilo halikuihusu.

Ndani ya Burundi kwenyewe, Soko Kuu la Bujumbura liliteketea Januari 27, 2013, na wauza nguo wakatawanyika katika masoko ya mitaani, likiwemo lile ambalo watu walilipa jina la Cotebu, kiwanda cha nguo kilichofungwa katika miaka ya 2000 na baadaye kufufuliwa kwa jina la Afritextile. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani rasmi. Kisha ukaja uhaba wa mafuta wa mara kwa mara, na mwaka 2024 ziwa likapanda na kuharibu maeneo ya mwambao. Mteja wa Magara aliyekuwa akipanda Probox kwenda mjini kubadilisha sketi iliyombana sasa anafikiri mara mbili. Ni nafuu kwake kutoinunua tangu mwanzo.

Wanawake wamepata njia zao. Dera, khanga na kitenge cha kufunga havina saizi, na ndiyo sababu moja ya kutopungua kwa wateja wake hata fedha zinapokuwa ngumu. Anayetaka nguo ya kazini au ya harusi huenda kwa fundi cherehani, ama na kitenge kipya, ama na gauni la mtumba lililo kubwa ili lipunguzwe. Kupunguza kunawezekana karibu kila mara, kuongeza ni vigumu isipokuwa kama mshono una kitambaa cha ziada ndani. Kwa hiyo mchuuzi anayelazimika kukosea ni afadhali akosee kwa kuleta kubwa. Jambo hili dogo halizingatiwi na wanaonunua nguo mpya za China za kubana kwa kufuata picha.

Hapa pia mpaka una neno lake. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya, wa mizigo isiyozidi dola 2,000 kwa bidhaa zilizo kwenye orodha, unamwezesha mchuuzi mdogo kupata cheti cha asili mpakani na kutolipa ushuru wa forodha, ingawa kodi za ndani hubaki. Mitumba haimo, maana asili yake siyo Afrika Mashariki, hata kama imenunuliwa Mwanga mjini Kigoma. Kitambaa kilichofumwa Tanzania kinaweza kuwemo. Lakini si kila kitenge kinachouzwa Kigoma kimefumwa Tanzania, na kitenge cha kutoka nje ya Jumuiya kimo kati ya bidhaa zinazotozwa asilimia 50. Anayevuka Manyovu bila kujua jora lake limetoka wapi anacheza bahati nasibu.

Sidiria ni mkasa mwingine. Hakuna nguo inayohitaji kipimo sahihi kama hiyo, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linapiga marufuku nguo za ndani za mitumba. Msafirishaji anayepokea belo la "mchanganyiko" lililofunguliwa na kufungwa upya Kigoma anaweza kujikuta na mzigo uliozuiwa kwa sababu ya vipande kumi ambavyo hakuvijua.

Dawa inayoonekana kuwa na akili ni kuchambua nguo kwa sentimita za kiuno, kifua na nyonga, na kuachana na lebo. Swali ni wapi. Ikifanyika Kigoma kabla ya mpaka, mzigo unapoteza sura ya belo, uzito na hati havilingani tena, na mazungumzo na forodha yanakuwa marefu. Ikifanyika Magara, mchuuzi mmoja hana wateja wa kutosha kumaliza saizi zote. Rumonge ina bandari, ina mafundi, na iko upande wa ndani wa mpaka. Belo likifunguliwa pale, wachuuzi wa Minago, Magara na Gitaza wanaweza kuchukua kila mmoja vipimo vinavyotoka kwake. Sehemu ya barabara kati ya Rumonge na Gitaza, kilomita 45, imo katika mradi uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na ile ya Kabingo hadi Manyovu, kwa hiyo lami ndiyo inayopaswa kuwa rafiki wa mpango kama huo.

Kikwazo ni nauli. Wenye magari wamezoea kutoza kwa belo. Kifurushi cha kilo 8 chenye sketi za kiuno cha sentimita 80 hadi 90 hakina bei inayoeleweka, na kinapandishwa juu ya magunia ya samaki au madumu ya mawese kwa makubaliano ya papo hapo. Mafuta ya mawese yakimwagikia sketi hizo, mpaka leo hakuna utaratibu wa nani alipe.