MOYO MZURI HAUTOSHI



Leo sibembelezi mtu. Kwaya inafanya mazoezi wiki nzima ili iimbe nyimbo tatu Jumapili. Kijana wa kinanda hapandi madhabahuni kabla hajafundishwa. Hata wakaribishaji wanaonyeshwa namna ya kupitisha kapu la sadaka. Lakini mama akifiwa na mtoto, tunamtuma yeyote aliye na nafasi. Tunasema, "Huyo ana moyo."

Niambieni basi: kinanda kina thamani kuliko mtu aliyevunjika?

Najua jibu la wengine wenu. "Mchungaji, Roho Mtakatifu ndiye mwalimu wetu. Mafunzo ni mambo ya kidunia." Fungua Matendo 6. Wajane walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa chakula, na mitume hawakusema yeyote mwenye moyo aje. Walitaka watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho NA hekima. Yote mawili. Na hiyo ilikuwa huduma ya mezani tu!

Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Hapo walifanya vizuri. Shida ilianza walipofungua mdomo. Sisi matangani hatuvumilii hata dakika saba. "Usilie, Mungu hakosei." "Chunguza, labda kuna mlango ulifunguliwa." Mtoto hajazikwa, na tayari tumemnyang'anya mama machozi yake.

Na siri je? Dada anamweleza mhudumu habari za ndoa yake saa nane mchana. Saa mbili usiku ziko kwenye kundi la WhatsApp, zimevishwa nguo ya "ombi la maombi". Hayo si maombi. Ni umbea uliookoka!

Ndugu akisema amechoka kuishi, tunaanza kukemea. Eliya aliomba afe chini ya mretemu. Malaika hakumpigia kelele. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi akamlisha tena. Mhudumu aliyefundishwa hamwachi mtu kama huyo peke yake usiku. Anamuuliza wazi kama anawaza kujiua, anamsikiliza, na anamfikisha kwa daktari. Akimkuta mgonjwa anatumia dawa, anamwombea na dawa anaendelea kumeza.

Binti akibakwa, asiyefundishwa atamwambia aoge, atulie, wazee watayamaliza kimya. Aliyefundishwa anaomba naye njiani wakielekea hospitali, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya HIV lazima ianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Anajua nguo alizovaa hazifuliwi. Anajua 1195 ni simu ya bure kwa waliodhulumiwa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Anajua ubakaji ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Haumalizwi kwa mbuzi, na haumalizwi kwa maombi ya upatanisho.

Kuna anayesema, "Mchungaji, utazima upendo wa watu kwa vyeti." Sijaomba cheti cha mtu. Mtazame Msamaria. Alihurumiwa na nani yule majeruhi? Na mtu aliyejua la kufanya. Alitia mafuta na divai kwenye majeraha, akayafunga, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi. Alijua jeraha linafungwaje. Alijua pia pale uwezo wake ulipoishia, akamkabidhi mwingine.

Kwa hivyo, kuanzia sasa hakuna atakayetumwa hospitalini, matangani au kwa mwenye shida kwa jina la kanisa hili kabla ya kukaa darasani. Mashemasi pia. Wamama wa maombi pia. Tutajifunza kusikiliza, kunyamaza, kutunza siri, na kujua ni lini daktari au polisi anahitajika. Atakayeona amedharauliwa, mlango wangu uko wazi. Lakini kondoo wa Bwana si wa kujifunzia kwa kubahatisha.

Baba, tupe moyo wa huruma na mikono yenye hekima. Funga midomo yetu inapotaka kuumiza. Katika jina la Yesu.

Kama uko tayari kufundishwa, andika AMINA hapa chini, kisha uje ukae darasani.