Acheni kuzika kompyuta zinazopumua

Wadau, leo sina stori za kimbweta wala za bumu. Leo nina ugomvi na neno moja tu: "imekufa".

Hapa chuoni kompyuta haiumwi. Inakuwa nzima, halafu inakufa. Hakuna katikati. Isipowaka anaitwa mtu, anakuja, anabonyeza kitufe tena (kama vile nyie mlikuwa hamjui kubonyeza), anasikiliza feni, anatikisa kichwa: "Mazabodi imekufa hiyo." Dakika tatu. Begi la vifaa hata zipu haijafunguliwa! Jamani, hata nesi wa zahanati hutafuta mapigo ya mgonjwa kabla ya kuita ndugu.

Nasema haya kwa sababu ya mashine moja ya maabara yetu. Ni Pentium III, bodi yake ya mwaka 2001, plastiki imeshageuka rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo inayoendesha kifaa cha kupimia sampuli, kwa kadi ndefu iliyochomekwa kwenye sloti ya ISA. Kompyuta za dukani leo hazina sloti hiyo, na programu ya kifaa inataka Windows 98. Kwa hiyo anayesema "nunueni nyingine" hazungumzii kompyuta, anazungumzia kununua kifaa kizima. Hela hiyo haipo, na washkaji wa mwaka wa mwisho wana sampuli kwenye chupa zinasubiri. Mashine imeshaingizwa kwenye orodha ya vitu vya kufutwa. Sababu iliyoandikwa: "Mbovu." Basi.

Tuanze na hoja yao kubwa: "Umeme upo, si unaona feni inazunguka?" Hii ndiyo inaniudhi kuliko zote. Feni inataka volti 12 tu. Prosesa ya Pentium III inataka takriban volti 1.7, na hizo mazabodi yenyewe inazitengeneza kutokana na umeme wa pawasaplai. Tena kuna waya wa kijivu ambao pawasaplai huutumia kuiambia bodi "niko sawa, anza kazi". Ujumbe huo usipofika, bodi inabaki imeshikiliwa, feni inazunguka kama pangaboi la ukumbi wa mihadhara, na hakuna kinachoendelea. Feni ni ushahidi wa feni.

Mita ya kupimia umeme si kitu cha ajabu, karibu kila fundi redio anayo. Weka ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyingine kwenye waya wa rangi. Nyekundu isome kati ya 4.75 na 5.25. Njano kati ya 11.4 na 12.6. Ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Zambarau iwe na volti 5 hata kabla hujawasha, ilimradi plagi iko ukutani. Pima pawasaplai ikiwa imebeba bodi, maana nyingine husoma vizuri ikiwa haina mzigo na kuanguka ikipewa kazi. Ila yenyewe usiifungue: ndani kuna kapasita kubwa zinazoweza kutunza umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi.

Halafu kuna kundi la pili, hawa wanajiona mafundi kabisa. Badilisha RAM. Haijawaka? Badilisha prosesa. Haijawaka? Imekufa! Hiyo ni bahati nasibu, msiite upimaji. Na ni hatari, kwa sababu unachukua RAM nzima ya mwenzako unaipachika kwenye bodi ambayo hujui inatoa volti ngapi. Umeenda na mgonjwa mmoja, unarudi na wawili.

Mashine inajua kusema, tatizo hatuna masikio. Tangu IBM itoe PC yake mwaka 1981, kompyuta za ukoo huu zinajipima zenyewe zikiwashwa, na zikikwama hulia kupitia kispika kidogo. Yaani inakubipu! Na wewe, kama kawaida yako, hupigi.

Njia ni hii. Chomoa diski, kadi ya sauti, hiyo kadi ya ISA, kila kitu. Bakiza prosesa na feni yake, pawasaplai na kispika. Toa hata RAM. Washa. Ikilia, shangilia: prosesa inafanya kazi, BIOS inasomeka, na inalalamika kwamba haioni RAM. Zima, rudisha kitu kimoja, washa, sikiliza, ukichomoa plagi kila mara kabla hujagusa kitu. Ikiwa kimya na kispika ni kizima, basi ugonjwa uko kwenye kundi dogo: umeme, prosesa, BIOS au bodi yenyewe. Vyovyote vile umeshapunguza nusu ya maswali bila kutumia senti. Idadi ya bipu na maana yake hutofautiana, BIOS ya AMI si sawa na ya Award, kwa hiyo soma ya bodi yako.

Kisha tumia macho. Bodi nyingi za kati ya mwaka 1999 na 2007 zilipatwa na ugonjwa mmoja unaojulikana dunia nzima: kapasita zenye kimiminika kibovu ndani. Gesi inajaa, kichwa cha kapasita kinavimba, mwisho kinachuruzika uchafu wa kahawia. Haukuwa ugonjwa wa vichochoroni. Mwaka 2005 Dell ilitenga takriban dola milioni 300 kushughulikia kompyuta zake za OptiPlex kwa tatizo hilo. Sasa mtu anayelipwa kutunza kompyuta anaonaje bodi ya umri huo asiangalie kapasita?

Kwa mashine yetu, tulifuata hatua hizo hizo. Volti za pawasaplai zote sawa. RAM nje, kimya. Tukamulika tochi ya simu: kapasita tatu pembeni ya prosesa zimevimba kama maandazi. Tukaipeleka kwa fundi redio wa kitaani. Mzee akang'oa zile tatu, akaweka nyingine za uwezo ule ule, volti zisizopungua za mwanzo, za kuhimili joto la nyuzi 105, akaangalia upande wa hasi usikosewe. Bei yake ni ya chipsi mayai sahani mbili. Kuwasha, ikabipu. Kurudisha RAM, Windows 98 hiyo na mawingu yake!

Na bado iko kwenye orodha ya kufutwa. Kwa nini? Eti "ilishaandikwa".

Najua mtaniambia muda wa mafundi wa chuo ni ghali na hizi ni takataka za kale. Sawa, mashine ya kuchapia barua tu mkaibadilishe, sina neno. Tena najua zipo zinazokufa kweli: prosesa iliyomeguka kona, bodi iliyoungua njia za ndani. Lakini hata maiti huandikiwa chanzo cha kifo. Upimaji wote huu haukutula hata saa mbili. Linganisheni hizo na mwaka mzima wa mwanafunzi asiye na data ya mradi wake, halafu mniambie ghali ni nini.

Ninachotaka ni karatasi moja tu. Kabla kompyuta yoyote haijaandikwa mbovu, iambatane na ukurasa unaosema: volti zilisoma ngapi, ililia au haikulia ikiwa na RAM na bila RAM, macho yaliona nini, nani alipima, na sahihi yake. Ukiona mtu anakataa kuandika hivyo vitu vinne, ujue hakupima.

Wakuu wa stoo, kama mnapita hapa, lifuteni lile jina. Nanyi wenye chupa, sampuli msimwage.

Maoni ruksa, matusi peleka kwenu. Alamsiki.