Kasongo na Kabambare: asidi za uso, na chupa ambayo hakuna aliyeipima

Mtu anayenunua asidi ya kusafisha uso kule Bruxelles au Paris hujiuliza kwanza ngozi yake ni ya aina gani. Kusini mwa jimbo la Maniema, swali hilo linakuja la pili. Mkaaji wa Kasongo au wa Kabambare anapaswa kuuliza kwanza ndani ya chupa mna nini, na mara nyingi hata muuzaji hawezi kumjibu.

Asidi zenyewe si uongo. Kazi yao ni kulegeza gundi inayoshika chembe za ngozi zilizokufa, ili zitoke na uso ubaki laini. Asidi salisiliki huingia ndani ya vitundu vyenye mafuta, ndiyo maana inafaa kwa wenye chunusi. Asidi glikoliki, inayopatikana kwenye miwa, ina nguvu na huchoma upesi. Asidi laktiki, ile ya maziwa yaliyoganda, ni ya polepole. Hakuna hata moja iliyotengenezwa ili kumfanya mtu mweusi awe mweupe, ijapokuwa sokoni huuzwa kwa ahadi hiyo.

Kipimo ndicho kinachotenga dawa na sumu. Umoja wa Ulaya hauruhusu asidi salisiliki kupita asilimia 2 kwenye krimu ya uso. Marekani, wataalamu wanashauri asidi glikoliki na laktiki za kutumia nyumbani zisipite asilimia 10. Zenye nguvu zaidi ni za mikono ya wenye ujuzi, na hupakwa kwa dakika chache tu kisha husafishwa. Sasa mtu anunue kichupa ambacho hakikuandikwa asilimia yoyote, alale nacho usoni usiku mzima. Hapo amejifanyia mwenyewe kazi ya daktari, bila kipimo cha daktari.

Hata kwenye farmasi ya kweli jina peke yake linaweza kudanganya. Asidi salisiliki iko kwenye dawa za kuondoa sugu za miguu, ambazo ni kali kupita kiasi kwa uso. Iko kwenye marhamu ya zamani ya choa, pamoja na asidi benzoiki. Iko pia kwenye marhamu fulani pamoja na betametazoni, dawa ya jamii ya kotikoidi ambayo mtu hapaswi kuipaka usoni kwa miezi. Anayeingia dukani na neno moja alilosikia kwenye simu anaweza kutoka na yoyote kati ya hizo tatu.

Hatari kubwa inaanzia hapo. Ngozi nyeusi ikichomwa haisahau: mahali palipoungua huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Msichana aliyetaka kuondoa chunusi tatu sasa ana madoa kumi. Rafiki anamletea tube yenye klobetasoli, na kwa wiki chache uso unang'aa kweli. Wengi huita hiyo dawa nzuri. Lakini klobetasoli ni kati ya kotikoidi zenye nguvu kuliko zote. Inapunguza unene wa ngozi, inaleta michirizi, inaficha maambukizi, na akiiacha ghafla uso unawaka moto. Akiipaka mwili mzima kwa muda mrefu, dawa hupenya hadi kwenye damu na kidonda kinachelewa kupona. Kwa mama anayesubiri kupasuliwa ili azae, hilo si jambo la urembo tena.

Nani angezuia? Ofisi ya Congo ya Ukaguzi, OCC, ina kazi ya kupima bidhaa zinazoingia nchini. Lakini bidhaa nyingi za kusini mwa Maniema zinatoka mbali, upande wa ziwa Tanganyika na Fizi kupitia Salamabila, au kutoka Kindu, na kichupa cha krimu hakichukui nafasi kubwa kwenye mzigo wa pikipiki. Tangu M23 ichukue Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, serikali imepoteza miji miwili ambamo mizigo ya mashariki ilikaguliwa. Rwanda nayo ilianza msako wa krimu za kuchubua madukani mwishoni mwa 2018, na mzigo uliofukuzwa upande mmoja wa mpaka hutafuta wanunuzi upande wa pili. DRC imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022.

Kabambare ni nchi ya dhahabu, na wachimbaji wanajua kuwa zebaki inakamata dhahabu. Zebaki hiyo hiyo hutiwa ndani ya sabuni na krimu fulani za kung'arisha, na huharibu figo. Mkataba wa Minamata unaipiga marufuku ndani ya vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilifuta hata kiwango kidogo kilichokuwa kinavumiliwa.

Basi mnunuzi asome karatasi. Akikuta hydroquinone, clobétasol, bétaméthasone au mercure, arudishe, hata kama mbele kumeandikwa matunda na vitamini. Asipokuta orodha yoyote, arudishe vilevile. Akipata iliyoandikwa vizuri, aanze na laktiki, au salisiliki isiyopita asilimia 2, usiku mmoja kwa wiki, kwanza nyuma ya sikio. Mwenye mimba amuulize kwanza mganga au muuguzi. Limau si badala: maji yake yakikutana na jua hubabua ngozi.

Na jua ndilo hesabu ngumu. Kasongo haifiki nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na asidi inaongeza uwezo wa jua kuunguza ngozi. Krimu ya kukinga jua ni adimu na ghali. Mama anayelima au kuuza sokoni tangu asubuhi hadi jioni, bila krimu hiyo wala kofia pana, ni afadhali aiache asidi kabisa, aoshe uso kwa sabuni isiyo kali na maji. Aliyekwisha kuzoea klobetasoli asiitupe siku moja: aende nayo kwenye kituo cha afya, aionyeshe tube yenyewe, wampangie namna ya kuipunguza kidogo kidogo.